Kurasa Nilizomfichia Mama Mkwe

Mara ya mwisho mliniacha mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa maabara, nimeulizwa swali na sijalijibu. Kuna waliolikunja gazeti kwa hasira. Poleni. Mimi niliyekuwa nimesimama pale sikuwa na hasira yoyote. Sikuwa na kitu.

Kwa aliyechelewa kuingia: mume wangu wa miaka sita, fundi wa majokofu, aliondoka mwaka jana kwenda kufunga mitambo ya vyumba vya baridi katika kiwanda cha mji wa mbali. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Kisha kila wiki. Kisha ikawa namba yake haipatikani. Nyumba tuliyopanga nikairudisha kwa mwenyewe, nikahamia kwa mama yake, ambaye alikuwa anapasuliwa jicho na hana mtu wa kumtazama.

Sasa hospitali ninakofanya kazi inafungua maabara katika mji mwingine na inataka mtu wa kuisimamia. Mkuu akanitaja mimi.

"Nipe jibu Jumatatu kabla ya saa kumi," alisema. "Baada ya hapo namwita mwingine."

"Nikienda, mume wangu akirudi atanikuta wapi?"

"Dada, hilo swali si la maabara."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani: kwenda, au kuendelea kumngoja mtu asiyepatikana. Msomaji mmoja amesema kwamba mimi ni jiwe, kwamba mke wa kweli angekuwa amekwisha kulia. Huenda. Kazi yangu ni kupima damu za watu, na nimezoea kuona kwamba majibu hayatoki haraka kwa sababu ya machozi ya anayeyangoja.

Nisikilizeni kuhusu vitabu, maana vitabu ndivyo vilivyonifikisha hapa.

*

Mama mkwe wangu alikuwa opereta wa simu, enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mji wa pili lazima upitie kwa binti aliyevaa visikilizio kichwani. Anakumbuka sauti kama wengine wanavyokumbuka sura. Na kuna kitu anachokipenda kuliko chakula: mfululizo wa riwaya uitwao Ghorofa za Mahaba.

Mnaufahamu, msijifanye. Kila kitabu ni ghorofa moja ya jengo lilelile, na kila ghorofa ina mwanamke mpweke mwenye kazi nzuri. Mhandisi wa lifti haishi kufika, kwa sababu lifti haishi kuharibika. Huharibika mvua ikinyesha, huharibika jua likiwaka, na kila mara huwa na watu wawili ndani, wote wawili hawana haraka.

Jicho la kulia la Mama lilipopasuliwa, la kushoto lilikuwa tangu zamani linaona mwanga tu. Daktari akasema asisome, asiiname, na atiwe dawa ya matone mara nne kwa siku. Asubuhi, jioni na kabla ya kulala namtia mimi. Mchana niko kazini. Mchana, aliniambia, anatiwa na rafiki yake Mkunga, anayekaa nyumba ya pili.

"Na kusoma nitasomewa," akasema, akaniwekea Ghorofa ya Nne mapajani.

"Mama, hiki?"

"Kuna kingine? Au unataka unisomee bili ya maji?"

Aliyelelewa atanielewa. Mkwe ni mkwe. Mbele ya mama wa mumeo hata neno mapaja hulitamki, labda yawe ya kuku. Na mimi hapo nimeketi kwenye kochi lake, naukaribia ukurasa ambapo Mhandisi na Mwanasheria wa ghorofa ya nne wanakwama, taa inazimika, na mwandishi anaanza kuvuta pumzi.

Nikasoma: "'Mlango ukajifunga.'"

Nikapindua karatasi. Nikapindua nyingine. Nikapindua nyingine tena.

"'Asubuhi, Mwanasheria alifika ofisini amechelewa.'"

Mama aligeuza sikio upande wa kitabu.

"Lifti ilitengenezwa?"

"Inaonekana."

"Haya. Endelea."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Lifti ikikwama, mimi napindua. Kitabu kinene kikawa kijitabu.

Wengine mmeniuliza naonaje mfululizo huo, na mimi sipendi kuulizwa jambo nikanyamaza. Mwandishi anajua kuandika ugomvi. Watu wake wakibishana unawasikia mpaka unataka kuingilia. Mapenzi ndiyo yanayonishinda. Moyo wa Mwanasheria unasimama mara nyingi kiasi kwamba ningekuwa zamu ningemwita daktari. Damu inachemka. Nimeishika damu miaka yote ya kazi yangu, haichemki, inaganda. Na jengo zima, lenye wasomi wote wale, halina mtu hata mmoja anayepiga simu kuripoti ile lifti.

Nilimwambia Mama hayo.

"Wewe unasoma kama mkaguzi," akasema. "Wale wanataka kukwama, mwanangu. Anayetaka kukwama haripoti."

Nilidhani anazungumzia riwaya.

*

Jumapili baada ya chakula Mkunga alikuja, Ghorofa ya Tano yake kwapani; na sisi tulikuwa tumekwisha kuianza yetu. Amestaafu siku nyingi, lakini nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake, na huwatazama watu wazima kama anayekumbuka walivyotoka. Nilimpa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado alipokirudisha, kisahani kililia kama meno ya mgonjwa wa homa.

"Mimi nina neno na mwandishi huyu," akaanza, kabla hata hajakaa vizuri. "Ghorofa tano. Lifti inakwama kila sura. Na hakuna aliyepata mimba! Huyo mtu hajawahi kufika wodini."

"Mimi langu ni kubwa kuliko lako," Mama akasema. "Mwandishi wenu amechoka. Ghorofa ya Nne nzima mwanamume hana mke. Tunafungua ya Tano, mke huyu hapa anagonga mlango, mtoto kamshika mkono. Mke katoka wapi? Kaanguka na mvua?"

Mkunga akageuza kichwa. "Mke yupo tangu ya Nne."

"Hayupo."

"Yupo, mwenzangu. Ile pete."

"Pete gani?"

"Mwanasheria anamfungua shati, anakuta pete imening'inia kwenye mkufu shingoni. Anamuuliza, hii nini? Na mwanamume anasema yote, palepale, kifua wazi. Ndiyo sehemu bora ya mfululizo mzima, usiniambie umeisahau."

"Hakuna pete."

"Ipo!"

"Kitabu hicho nimekisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Nimesikia watu wakiachana kwenye waya, nimesikia wakirudiana kwenye waya uleule kabla sijachomoa plagi. Nitaikosa pete?"

"Basi na masikio nayo yapasuliwe."

"Mwanamume mwenye pete shingoni angeonekana tangu kifungo cha kwanza!"

"Ndicho ninachokwambia! Kifungo cha kwanza kilifunguliwa kwenye lifti!"

Nilikuwa nakusanya vikombe. Nikaendelea kuvikusanya.

Mama aligeuka taratibu upande wangu, ile miwani nyeusi aliyopewa hospitali ikaja ikasimama usoni pangu, kana kwamba ananiona.

"Mkwe," akasema. Siku zote mimi ni mwanangu. Nikiwa mkwe, kuna jambo. "Kwenye lifti kulitokea nini?"

"Lifti ilitengenezwa, Mama."

Mkunga alicheka mpaka akashika ubavu. "Karuka! Ee Mungu wangu, kamrukia mtu mzima kurasa! Binti, huyu mwenzangu ana mtoto wa kumzaa mwenyewe. Nilimtoa mimi kwa mikono hii. Ulidhani alimwokota kwenye lifti?"

"Ilikuwa heshima."

"Mficha uchi hazai."

Mama hakucheka. "Karatasi nilizisikia," akasema. "Zilipinduka bila neno. Nikasema mwache, ana haya zake, nami nina zangu. Sikujua kwamba humohumo umeruka na mke wa mtu."

Nilimweleza ukweli, ambao haukunisaidia. Kurasa zile sikuzisoma hata mimi. Nilizipindua macho yakiwa pembeni. Mke alipotokea ghorofa ya tano, na mimi nilidhani mwandishi kakosea.

*

Nilimsindikiza Mkunga mpaka getini. Geti lile zamani lilikuwa linalia kama mbuzi. Siku hizi limenyamaza. Mama aliniambia kuna fundi alipita. Fundi huyohuyo alizuia bomba la jikoni lisivuje, akabadilisha na taa ya varanda. Nilikuwa nimejisemea kwamba Mama kapata fundi mwaminifu, jambo la nadra kuliko mapenzi ya kwenye vitabu.

Nilitaka tuachane kwa wema. "Tunakushukuru kwa dawa ya mchana," nikamwambia. "Sijawahi kukushukuru."

"Dawa gani?"

"Ya jicho la Mama. Unayomtia ukija mchana."

Mkunga alinyoosha mikono yake mbele yangu. Vidole vilitetemeka, kila kimoja kwa mwendo wake.

"Kwa mikono hii? Ya jicho ningemtia sikioni. Mikono hii ndiyo iliyonirudisha nyumbani, binti. Ningekuwa bado naweza kulenga jicho, leo ningekuwa wodini."

"Nani anamtia, basi?"

Alifungua mdomo. Akaufunga. Kwa mwanamke yule, kufunga mdomo ni ushahidi tosha.

"Muulize mwenye jicho," akasema, akatoka bila kuaga, kitabu chake kikabaki kwetu.

Sikumuuliza mwenye jicho. Nilianza na kichupa. Nilikiinua dirishani, nikatazama dawa iliposhuka. Ilikuwa palepale ilipopaswa kuwa. Hakuna mchana uliorukwa, wala tone lililomwagika. Mtu mwenye mkono uliotulia alikuwa anaingia nyumba ile kila siku, na alikuwa anajua saa ambazo mimi sipo.

Kisha nikaenda jikoni nikainama chini ya sinki.

Kwenye maungio ya bomba palikuwa na ule utepe mweupe ambao mafundi huzungushia ili maji yasivuje. Ncha yake haikukatwa kwa kisu wala kwa mkasi. Ilitafunwa. Nimeishi na mtu mmoja tu anayekata utepe kwa meno. Nilikuwa namgombeza: iko siku utang'oka jino, na mimi sitakusindikiza kwa daktari.

Mwandishi wa Ghorofa za Mahaba angesema moyo ulisimama. Haukusimama. Nilipitisha kidole juu ya utepe, kikatoka na vumbi. Haukuwa wa jana wala wa juzi.

Nikanawa mikono. Bomba halikuvuja.

*

"Anakuja saa ngapi?"

Mama alikuwa ameketi palepale nilipomwacha.

"Nani?"

"Mama."

Akavua miwani. Watu husema macho hayana pazia. Lake lilikuwa na pazia miaka na miaka, daktari kaliondoa juzijuzi tu, na sasa lilikuwa linanitazama jekundu, halijazoea.

"Saa sita," akasema. "Ukishatoka wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotolewa bandeji."

"Kwa hiyo hakuwa mbali."

"Alikuwa mbali. Akarudi." Alipapasa mkono wa kochi. "Aliniambia, Mama, usimwambie kwanza, mpaka nipate la kumwambia. Nikamwambia tafuta upesi. Kila mchana namuuliza, umepata? Ananiambia bado. Ananitia dawa, anatengeneza kitu, anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi? Anaishi na nani?"

"Sikumuuliza."

"Mama, umesikiliza simu za mji mzima, ukashindwa kumuuliza mwanao anaishi na nani?"

"Hiyohiyo ndiyo sababu. Opereta akishasikia, hawezi tena kusema hakusikia."

Lilibaki swali moja, nikaliuliza kwa sauti ileile.

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

Mtaani mtu alikuwa anapiga msumari ukutani, akaacha, akaanza tena.

"Ningekwambia, ungeondoka," akasema. "Ningemgombeza yeye, asingekuja. Asubuhi nina wewe, mchana nina yeye. Nikakaa katikati nikanyamaza. Nilikwama, mwanangu. Na sikuripoti."

Wasomaji wangu, najua mnachokitaka hapa. Mnataka nivunje kikombe. Niliviosha. Nikavifuta, nikavipanga kabatini vishikio vyote vikitazama upande mmoja.

Kisha ikafika saa ya dawa ya jioni. Nikamwegemeza Mama kichwa, nikavuta kope la chini kwa kidole, nikadondosha. Tone lilijaa kwenye jicho, likamwagikia shavuni, na sikuweza kujua kama lote lilikuwa dawa.

"Utakwenda kwenye hiyo maabara uliyoniambia," akasema, jicho limefumbwa.

"Jibu ni kesho kabla ya saa kumi."

"Na yeye anakuja saa sita."

"Nimesikia."

"Unataka nimpigie nimwambie asije?"

"Fanya unavyotaka, Mama."

Alikaa na simu yake mkononi jioni nzima, anaipapasa vitufe. Sikumsikia akipiga.

*

Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida. Nilipima sampuli nilizopangiwa, nikatia sahihi, nikaenda kwa mkuu kuomba ruhusa ya kutoka mapema.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Una sura ya mtu anayengoja majibu yake mwenyewe."

"Nitakupigia kabla ya saa kumi."

"Utapiga kusema ndiyo au kusema hapana?"

"Nitapiga," nikasema.

Nyumbani nilimkuta Mama amevaa gauni lake la kutokea, amechana nywele, ameketi wima kama mgeni kwenye kochi lake mwenyewe. Mezani aliweka kichupa cha dawa. Kando yake, Ghorofa ya Nne.

"Hukumpigia," nikasema.

"Sikumpigia. Simu ililala chini ya mto, na mimi juu yake." Akasukuma kitabu upande wangu. "Au tutamngoja hivihivi, kama watu wa msibani?"

"Unataka nini?"

"Zile kurasa."

"Mama..."

"Uliniruka, nikakuruka. Basi leo tusomeane. Na usione haya, mimi sikuoni vizuri."

Nikafungua. Karatasi zile zilikuwa ngumu, kama za kitabu kipya, katikati ya nyingine zilizolegea. Nikasoma kwa sauti ninayosomea majibu ya vipimo.

"'Mlango ukajifunga. Taa ikazimika. Mwanasheria alisikia pumzi za mwanamume karibu na sikio lake, na hakusogea.'"

"Taratibu. Si tangazo la stesheni."

"'Vidole vyake vikatafuta kifungo cha kwanza cha shati, vikakipata.'"

"Gizani? Vidole hodari hivyo."

"Mama, nisome au nisisome?"

"Soma, soma."

Nikasoma. Na lazima nitende haki, kwa kuwa niliwaambieni maoni yangu kabla sijaufikia ukurasa ule: sehemu ile imeandikwa vizuri. Nilikuwa nimeihukumu bila kuipima. Hakuna damu inayochemka, wala moyo unaosimama. Kuna watu wawili gizani ambao wameishiwa maneno, na mmoja anapapasa kitu cha baridi shingoni mwa mwenzake.

"'Hii ni nini?' akauliza. Mhandisi aliushika mkono wake, lakini hakuuondoa. 'Ni kitu nilichopaswa kukuambia kabla mlango haujafungwa.'"

Geti halikulia, lakini niliona shingo ya Mama ikinyooka.

"Bado hujamjibu mkuu wako," akasema, kwa sauti ndogo.

"Bado."

"Utamwambia nini?"

"Niache nimalize ukurasa."

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa. Ulizunguka mara moja, bila kutafuta, mkono wa mtu wa nyumbani. Mama akanishika kifundo cha mkono, ule uliobeba kitabu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mwanangu," akanong'ona. "Leo hakuja peke yake."

Mimi nilikuwa sijasikia kitu. Kisha nikasikia. Kwanza viatu vyake, ambavyo ningevitambua kwenye sakafu yoyote, cha kushoto kikiburuta kidogo. Nyuma yake hatua nyingine, nyepesi, fupifupi, za mtu aliyeshikwa mkono na kuambiwa atembee polepole.

Sikuweza kujizuia kupiga hesabu. Ni kazi yangu. Mume wangu aliondoka mwaka jana. Mtoto anayetembea hivyo hakuzaliwa mwaka jana, wala mwaka juzi.

Mlango ukafunguka. Mwanga wa nje ukaangukia ukurasa.

"Shikamoo, Ma..." sauti yake ikasema, ikakatika.

Sikuinua macho. Niliweka kidole kwenye mstari nilipokuwa nimefika, pale kwenye pete, nikaendelea kusoma kwa sauti ambayo watu wote waliokuwa chumbani waliweza kuisikia, wakubwa kwa mdogo. Sikuruka neno.